Kikundi Chenu Kikikumbwa na Janga: Mwongozo wa Kushikana Mikono kwa Vikundi vya LGBTIQ

Janga lina njia nyingi za kuingia. Huja kama mafuriko, tetemeko, ugonjwa wa mlipuko, vita, sheria mpya au msako wa polisi. Huja pia kwa mfadhili kukata fedha ghafla, kama ilivyotokea Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, na vituo vingi vilivyokuwa vikiwahudumia watu wetu wa LGBTIQ (wasagaji, mashoga, wanaopenda jinsia zote mbili, waliobadili jinsia, huntha na wengine kama wao) vikafunga milango ndani ya muda mfupi. Njia ni tofauti, lakini yanayofuata yanafanana. Msaada wa jumla hupangwa kwa kufikiria kaya yenye baba, mama na watoto, na asiyeonekana kwenye kaya hiyo hubaki nje ya mstari.

Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010, kuponi za chakula waligawiwa wanawake. Nia ilikuwa njema, kwani waliopanga waliamini chakula kikipitia mkononi mwa mwanamke kitaifikia familia nzima. Wanaume wanaopenda wanaume ambao hawakuwa na mwanamke nyumbani mwao wakakosa. Panama, Aprili 2020, serikali iligawa siku za kutoka nyumbani kwa jinsia: siku hizi za wanawake, siku zile za wanaume. Wanawake waliobadili jinsia walisimamishwa siku ya wanawake kwa sababu ya kitambulisho, na siku ya wanaume kwa sababu ya sura na mavazi. Hakuna aliyekaa akaandika kwamba watu hawa wasile. Hawakukumbukwa tu, na hilo linatosha kumlaza mtu na njaa.

Kazi ya kikundi basi ni kukumbuka. Na tuambiane ukweli: vikundi vyetu navyo huwasahau watu wake wa pembeni kwa namna hiyohiyo. Anayeishi na wazazi wake asiyeweza kupokea simu, mzee asiye na simu janja, huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja, ambaye hajawahi kumweleza mtu hali yake, mwenye ulemavu, mkimbizi asiye na karatasi. Hawa ndio hukumbukwa fedha zikishakwisha. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kuwaangalia wao kwanza. Kama janga limeshawafikia, anzeni na hatua ya pili usiku huuhuu, ya kwanza mtairudia.

Hatua ya 1: Kubalianeni nani anaamua nini

Chagueni watu wachache, watano, kila mmoja na eneo lake: fedha, usalama, afya, malazi, na mawasiliano na wakili pamoja na vikundi vingine. Kila mmoja awe na msaidizi anayejua kazi yote, kwa sababu kiongozi anayejulikana ndiye hukamatwa kwanza, au ndiye hulazimika kukimbia kwanza. Anayeshika fedha asiwe anayeamua nani apewe. Hili halihusu kumshuku mtu. Linamlinda yeye mwenyewe siku lawama zitakapoanza, na zitaanza.

Andikeni ukurasa mmoja tu. Uonyeshe kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kutoa papo hapo bila kuuliza wenzake, na kiasi kinachohitaji sahihi za wawili. Uonyeshe pia nani anaruhusiwa kuzungumza na waandishi wa habari kwa niaba ya kikundi. Wengine wote wajibu kwamba hawana la kusema.

Mkimaliza, angalieni nyuso zilizoketi. Kama wote ni wanaume wa mjini wanaojuana tangu zamani, kamati haijakamilika. Mwanamke anayependa wanawake, mtu aliyebadili jinsia, mtu anayetoka mbali na mji: hawa wasiitwe kuja kusikiliza maamuzi. Wapewe eneo la kuongoza.

Hatua ya 2: Tengenezeni mnyororo wa simu

Gawaneni wanachama, kila mpigaji awe na watu watano hadi saba anaowajua kwa jina na sauti. Mkipeana zaidi ya hapo, wawili wa mwisho hawapigiwi. Simu ya kwanza ipigwe ndani ya saa 24 tangu janga kuanza, na maswali yawe machache: Umelala wapi? Umekula? Dawa zako zimebaki za siku ngapi? Kuna mtu anayekutishia? Swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote: Nani mwingine unayemjua ambaye hajaonekana? Kwa swali hilo mtawapata watu ambao hawakuwahi kuja kwenye kikao hata kimoja.

Kwa anayeishi na ndugu wasiojua, au wanaojua na kumpekua, muwe na maneno mliyokubaliana mapema. Mpigaji anasema, "Dada, ile nguo uliyoagiza bado unaitaka?" Akijibu, "Nilishapata nyingine," yuko salama. Akijibu, "Naitaka, lakini nitapita mwenyewe," anahitaji msaada ila hawezi kuongea. Akijibu, "Umekosea namba," mpigaji aseme samahani na akate. Namba hiyo isipigwe tena mpaka yeye mwenyewe atafute njia. Chagueni maneno yanayofanana na maisha ya kila mmoja, kwa sababu kijana asiyewahi kuagiza nguo akiulizwa habari za nguo mbele ya kaka yake, mmemtia matatani.

Asiyepatikana kwa siku mbili, jina lake lipelekwe kwa mtu wa usalama. Lisitangazwe kwenye kundi la ujumbe.

Hatua ya 3: Lindeni majina

Hapa ndipo vikundi huumia zaidi, na mara nyingi kwa mikono yao. Kila msaada huhitaji orodha, na orodha ya majina yetu ikiangukia mkononi mwa mbaya ni silaha.

Wekeni namba badala ya majina. Daftari la ugawaji lionyeshe hivi tu: namba 14, chakula, tarehe, namba 22, nauli, tarehe. Ufunguo unaounganisha namba na majina ukae kwingine, kwa mtu mmoja na msaidizi wake. Msiandike hali ya VVU, anwani kamili wala mahali mtu anapofanya kazi, isipokuwa msaada wenyewe unahitaji hivyo. Mfadhili akidai picha za wapokeaji wenye sura zao, mkatalieni. Mpeni picha za mizigo, risiti na hesabu. Mfadhili makini ataelewa, na asiyeelewa ni heri kumkosa.

Simu zifungwe kwa namba ya siri badala ya alama ya kidole, kwa sababu kidole kinaweza kushikwa kwa nguvu kikawekwa kwenye kioo. Ujumbe uwekewe muda wa kujifuta. Mwenzenu akikamatwa, namba yake itolewe kwenye makundi yote dakika hiyohiyo, bila kusubiri uthibitisho. Mwelezeni kila mwanachama utaratibu huu mapema, ili akitoka asione kwamba alitupwa.

Waonyeni watu juu ya mialiko ya mapenzi mitandaoni. Mtu aliyefungiwa ndani, mpweke, asiye na fedha, ndiye ambaye matapeli na wanaowatega watu wetu humtafuta. Sheria iwe rahisi: hakuna kukutana na mtu mpya kabla ya kuzungumza naye kwa video, na mwenzako mmoja ajue unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

Seoul, Mei 2020, maambukizi ya korona yalihusishwa na vilabu vya eneo la Itaewon, na baadhi ya vyombo vya habari vikaandika kwamba vilikuwa vilabu vya mashoga. Watu wakaogopa kupima wasije wakaanikwa. Jiji lilipoanzisha upimaji usiohitaji jina, waliojitokeza wakaongezeka. Mkikaa na maafisa wa afya, waambieni kisa hiki. Usiri ukilindwa, watu hujitokeza, na ugonjwa unadhibitiwa kwa faida ya kila mtu.

Hatua ya 4: Hesabuni dawa mapema

Msisubiri mtu aseme dawa zimekwisha. Mara nyingi huona aibu.

Wanaotumia dawa za kufubaza VVU waulize kliniki yao kama wanaweza kupewa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Nchi nyingi zina utaratibu huo, na janga ni sababu nzuri ya kuuomba. Wasigawane dozi na mpenzi wala rafiki. Kumpunguzia mwenzako vidonge vyako ni upendo unaowaumiza wote wawili, kwa sababu virusi hupata nafasi ya kuzoea dawa. Kikundi kitafute kliniki ya pili na ya tatu zinazopokea wagonjwa wa mahali pengine bila maswali mengi, na mtu wa afya awe na namba ya muuguzi mmoja anayeaminika katika kila kliniki.

Waliobadili jinsia wanaotumia homoni hupata shida yao. Dawa ikikosekana, wengi huhangaika kimwili na kiakili, na aliyeondolewa korodani au ovari hapaswi kukaa muda mrefu bila homoni kwa sababu mifupa hudhoofika. Wengine hununua sindano mitaani au kuongeza dozi ya dawa waliyonayo. Semeni nao mapema, bila kuwahukumu, na watafutieni daktari wa kuwashauri jinsi ya kupunguza au kubadilisha dawa kwa usalama. Sindano zisichangiwe kwa hali yoyote.

Kuna jambo linalosahaulika karibu kila mahali, nami nalikazia. Baadhi ya huntha wana hali ya kuzaliwa nayo ambapo tezi za juu ya figo hazitengenezi homoni ya kotisoli ya kutosha. Hao humeza dawa kila siku, na kuikatisha kunaweza kuwaua ndani ya siku chache, hasa wakiwa na homa, wakitapika au wakiharisha. Kama yupo mmoja kwenye kikundi chenu, dawa yake iwekwe ya kwanza katika orodha ya manunuzi, na awe na karatasi mfukoni inayomweleza mhudumu wa dharura anachohitaji.

Aliyebakwa afikishwe kwa mhudumu wa afya haraka iwezekanavyo. Dawa ya kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Mwanamke anayependa wanawake aliyebakwa anahitaji pia kinga ya mimba. Msidhani haimhusu kwa sababu hana mpenzi mwanamume.

Hatua ya 5: Malazi

Nyumba moja kubwa ya kulaza watu wote ni rahisi kuiendesha na ni rahisi kuivamia. Uganda, Machi 2020, polisi waliingia kwenye makao ya vijana wa LGBTIQ karibu na Kampala, wakawakamata takriban watu 20 na kuwashtaki kwa kuvunja masharti ya kuzuia korona. Wakakaa rumande wiki kadhaa, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mawakili walizuiwa kuwaona. Mei mashtaka yakaondolewa, na baadaye mahakama ikaamua kwamba haki yao ya kuonana na wakili ilikiukwa. Yapo ya kujifunza hapo. Watawanyeni watu kwenye nyumba ndogo ndogo za marafiki. Kila nyumba iwe na hati ya pango na maelezo yanayofanana ya wakazi ni akina nani. Fahamuni masharti ya dharura yanasema nini kuhusu idadi ya watu. Wakili awe ameshakubali, kabla ya lolote kutokea, kufika kituoni akipigiwa simu.

Sheria za nyumba ziwe chache na zisomwe kwa sauti mgeni anapoingia: hakuna picha, hakuna kutuma mahali ulipo, wageni wa nje hawaingii, majirani wanasalimiwa kama kawaida. Mkae mkipatana jibu moja la kumpa jirani anayeuliza. Wanawake wapewe chumba chenye komeo. Aliyebadili jinsia aulizwe yeye anataka kulala wapi, msimpangie. Tarehe ya kutathmini kila mkazi iwekwe tangu siku ya kwanza, ili ukarimu wa mwenye nyumba usigeuke chuki. Kijana aliye chini ya miaka 18 apokewe kwa kushauriana mara moja na wakili na mtu anayejua sheria za ulinzi wa watoto. Kumficha bila utaratibu kunaweza kumhatarisha yeye na nyumba nzima.

Hatua ya 6: Fedha

Tangazeni vigezo kabla ya kugawa hata kidogo. Nani kwanza? Napendekeza aliye hatarini kuuawa au kukosa dawa, kisha asiye na mahali pa kulala, kisha mwenye wategemezi, kisha wengine. Kuwa mwanachama wa siku nyingi kusiwe kigezo. Mwenye kudai kwamba ameijenga jumuiya hii tangu mwanzo apewe shukrani, na mahitaji yake yapimwe kwa mizani ileile.

Watoaji wawe wawili, na mmoja wao asimjue mpokeaji. Kila wiki mtu wa fedha atoe hesabu kwa namba tu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, waliosaidiwa wangapi. Msipofanya hivyo, pengo hujazwa na uvumi, na uvumi wa fedha umevunja vikundi vingi ambavyo polisi walishindwa kuvivunja. Asiyeridhika awe na mtu wa kumlalamikia nje ya kamati, pengine kutoka kikundi rafiki.

Panapowezekana, mpeni mtu fedha taslimu au kwa simu badala ya vitu. Anajua anachokosa kuliko ninyi.

Hatua ya 7: Tafuteni washirika, na muwe washirika

Mwaka 1984, wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walipogoma, kikundi cha mashoga na wasagaji cha London kilipitisha ndoo za michango mitaani kwa ajili yao, kikafunga urafiki na familia za wachimbaji wa kusini mwa Wales. Mgomo ulishindwa Machi 1985. Juni mwaka huo wachimbaji wakaja London na mabango yao, wakatembea mbele katika maandamano ya watu wetu, na chama chao cha wafanyakazi kikaunga mkono haki zetu katika mkutano wa chama cha siasa cha Labour. Hawakuwa wameombwa walipe deni. Walikuwa wamekula meza moja na watu hao, na hofu ilikuwa imeisha.

Kwa hiyo msiende kwa vikundi vya wanawake, vya watu wanaoishi na VVU, vya wenye ulemavu, vya wafanyabiashara wa ngono au vya wakimbizi siku mnapohitaji kitu tu. Kama mna gari, wabebeeni mizigo. Kama wana ghala, ombeni kona.

Mkikutana na shirika kubwa la misaada, msiombe "kujumuishwa". Neno hilo hukubaliwa haraka na halibadilishi kitu. Ombeni mambo yanayoweza kukaguliwa: mtu anayeishi peke yake ahesabiwe kuwa kaya, watu wawili wazima wa jinsia moja wahesabiwe kaya bila kuulizwa uhusiano wao, vyoo viwe na milango inayofungwa kwa ndani na taa, karani aite namba badala ya kusoma jina la kwenye kitambulisho kwa sauti, na iwepo njia ya kupokea msaada bila kupanga foleni hadharani. Tatizo la karatasi mlitaje wazi. Ukraine ilipovamiwa Februari 2022, wanaume wa miaka 18 hadi 60 walikatazwa kutoka nchini, na wanawake waliobadili jinsia ambao hati zao zilisomeka mwanamume walirudishwa mpakani. Wanachama wenu wenye hati zisizolingana na sura zao wapate nakala na barua ya daktari au wakili wakati ofisi bado ziko wazi.

Hatua ya 8: Watunzeni wanaotunza

New York mwaka 1982, ukimwi ulipoanza kuua na serikali ikakaa kimya, kikundi cha Gay Men's Health Crisis kilianza na simu iliyokuwa nyumbani kwa mtu aliyejitolea. Kikaja na mpango wa marafiki: mgonjwa mmoja na rafiki mmoja, wa kumnunulia mahitaji, kumfulia, kukaa naye kitandani wakati ndugu wamekimbia. Mpango huo ulidumu kwa sababu rafiki naye alikuwa na wenzake wa kukutana nao na kulia nao. Igeni hilo. Wapigaji simu wakutane kila wiki, hata kwa nusu saa, bila ajenda ya ugawaji. Hakuna mtu wa kushika simu ya dharura zaidi ya usiku mbili mfululizo.

Anayepokea simu si lazima awe mshauri nasaha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011, linafundisha mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini, sikiliza bila kumlazimisha asimulie, muunganishe na anayeweza kumsaidia. Mtu akisema anataka kufa, muulize moja kwa moja kama amepanga kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Asiachwe peke yake usiku huo, na vitu vya kujidhuru viondolewe.

Ugomvi wa ndani utakuja. Wapeni wanaogombana mtu wa tatu wanayemheshimu wote, na wakubaliane jambo moja: hakuna kumwanika mwenzako mtandaoni, hata akiwa amekosa vibaya. Kosa la wizi au la kunyanyasa kingono lisisuluhishwe kimyakimya kwa kuogopa aibu ya kikundi. Aliyetenda aondolewe kwenye jukumu siku hiyohiyo, na aliyetendewa aamue anataka hatua gani.

Hatua ya 9: Janga likipungua

Ndani ya mwezi mmoja, fungeni hesabu na mzisome mbele ya wanachama. Rudisheni au kubalianeni matumizi ya kilichobaki. Chomeni daftari la namba na ufunguo wake, watu wawili wakishuhudia, mkibakiza jumla tu. Kisha pitisheni mnyororo wa simu mara moja zaidi baada ya miezi mitatu, mkianza na wale waliosema hawahitaji kitu, na mkiwauliza maswali yote kama mara ya kwanza.